Jinsi ya kumpiga mtu picha nzuri ndani ya nyumba kwa mwanga wa dirisha tu

Kama ndo unaanza kupiga picha na kila ukiuliza unaambiwa nunua flashi, nunua taa ya ringi, nunua stendi, naomba hayo uyaweke pembeni kwanza, maana humo ndani ulipo kuna taa kubwa ya bure na bado hujaitumia hata robo. Nazungumzia dirisha. Mwanga wake ni laini, unamkaa mtu vizuri usoni, halafu kikubwa kuliko vyote unauona kwa macho yako kabla hujabonyeza kitu, tofauti na flashi inayowaka kufumba na kufumbua ikazima na hujui imefanya nini mpaka utazame kwenye skrini. Kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa mno, unaona kivuli cha pua kinavyotembea mtu akigeuza shingo na unajifunza hapohapo.

Tatizo ni kwamba watu wakisikia "tumia mwanga wa dirisha" wanamsimamisha mtu mgongo wake ukiwa dirishani, wanapiga, dirisha linatoka jeupe pe na uso unatoka mweusi tii, basi wanailaumu kamera. Kamera haina kosa. Dirisha halihami, kwahiyo anayehama ni mtu, na wewe mwenye kamera unahama pia, na sehemu kubwa ya haya nitakayoeleza ni habari ya kuhama tu: asogee, ageuke, ashuke, ainue kidevu. Setingi zipo, tutazifikia, ila zinakuja nyuma ya hilo.

Andaa chumba kwanza

Zima taa zote. Nasema zote, hata ile ndogo ya kwenye kona ambayo unaona haina madhara. Mwanga una rangi yake, na rangi hiyo hupimwa kwa kelvini: bulbu ya njano ya nyumbani ipo kwenye 2700 mpaka 3000 hivi, mwanga wa jua la mchana upo kama 5500, na mwanga wa anga la bluu au wa kivulini unaweza kupita 7000. Macho yetu yanarekebisha bila sisi kujua, kamera inachagua rangi moja tu ya kuifuata, kwahiyo ukiacha bulbu inawaka unapata mtu mwenye shavu moja la kibluu upande wa dirisha na shavu jingine la chungwa upande wa taa, na hilo hata kwenye kuediti linasumbua sana kuliondoa. Televisheni nayo zima, skrini ya kompyuta pia.

Kisha angalia kama jua linaingia moja kwa moja. Kama kuna mstari wa jua umelala sakafuni au ukutani, huo ni mwanga mkali na kwa leo usimweke mtu hapo. Sababu yake ni hii, na ukiielewa utakuwa umeelewa nusu ya mambo ya mwanga: ulaini wa mwanga unatokana na jinsi chanzo chake kinavyoonekana kikubwa kutoka pale alipo mtu. Jua ni kubwa kupindukia lakini lipo kilomita milioni 150 kutoka hapa, kwahiyo angani linaonekana kadoa kadogo, na kitu kidogo kinatoa kivuli chenye ukingo mkali kama kimekatwa na wembe. Dirisha lenye upana wa meta moja na nusu, mtu akiwa amekaa meta moja tu kutoka hapo, kwake yeye ni kubwa sana, mwanga unamfikia kutoka pembe nyingi kwa pamoja, kivuli kinayeyuka taratibu badala ya kukatika. Sasa dirisha hilohilo mpeleke mtu meta tano ndani ya chumba, linakuwa dogo kwake na mwanga unakuwa mgumu kidogo na hafifu juu yake. Watu wengi wanaogopa kusogea karibu wakidhani mwanga utakuwa mkali. Ni kinyume chake, karibu ndo laini.

Kama dirisha pekee ulilonalo linapigwa na jua, weka pazia jeupe jepesi, lile la kuonyesha nje, au shuka jeupe jembamba lililonyooshwa vizuri. Hapo pazia lenyewe ndo linageuka kuwa chanzo, lote linang'aa, na mwanga unaotoka ni mtamu kweli. Iwe nyeupe lakini, sio krimu wala pinki wala ya maua, maana rangi yoyote ya pazia utaikuta kwenye ngozi ya mtu.

Au subiri tu. Asubuhi jua lipo mashariki kwahiyo dirisha la magharibi linapata mwanga wa anga tupu, jioni mambo yanageuka. Kwa walio mbali kaskazini mwa dunia dirisha linaloangalia kaskazini karibu mwaka mzima halipati jua la moja kwa moja, kwa walio mbali kusini ni lile linaloangalia kusini, na kwa walio karibu na ikweta inabadilika, jua likipita upande wa kaskazini kuanzia Machi mpaka Septemba halafu linahamia kusini. Wapiga picha wa zamani walilijua hili vizuri sana, studio nyingi za Ulaya za miaka ya 1800 zilijengwa na vioo vikubwa upande wa kaskazini kwa sababu hiyo. Na sio lazima iwe studio ya kifahari. Julia Margaret Cameron wa Uingereza alipewa kamera yake ya kwanza na bintiye mwaka 1863, akiwa na miaka 48, akageuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio yake, na picha za watu alizopiga humo mpaka leo zinatunzwa kwenye makumbusho. Ukiambiwa huwezi kwa kuwa huna vifaa, mkumbuke huyo mama.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii ni urefu wa dirisha. Macho ya binadamu yamezoea mwanga kutoka juu, kwahiyo dirisha likianzia chini karibu na sakafu na mtu akawa amesimama, nusu ya mwanga inampiga kutoka chini ya kidevu na sura inakuwa ya ajabu ajabu hata kama huwezi kusema kwa nini. Dawa ni kumkalisha chini zaidi, au kuziba nusu ya chini ya dirisha kwa nguo nzito. Sehemu ya katikati ya dirisha ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho yake, umepata.

Na usisahau rangi zinazorudi. Ukuta wa kijani unarudisha kijani, zulia jekundu linapaka wekundu chini ya kidevu, fulana ya njano inatia njano shingoni. Hata majani ya nje yakiwa karibu na dirisha yanaweza kutia ukijani kwenye ngozi. Ukiona ngozi haieleweki na umeshazima taa, tafuta hiyo.

Sasa mgeuze mtu

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, na nakuomba ulifanye hili zoezi kabla hata hujashika kamera. Chukua stuli, sio sofa, kwa sababu kwenye stuli mtu anazunguka mwili mzima kirahisi. Iweke kama meta moja kutoka dirishani, na iwe mbali na ukuta wa nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu. Mkalishe mtu, mwambie "dada, tazama dirishani moja kwa moja," kama ni mtu mzima kuliko wewe "mama, naomba uangalie dirishani kidogo." Wewe simama katikati yake na dirisha, mgongo wako dirishani, ila kwa pembeni ili usimzibie mwanga.

Uso mzima umejaa mwanga. Hakuna kivuli cha maana, makunyanzi hayaonekani sana, chunusi hazionekani sana, na machoni kuna picha ndogo ya dirisha zima. Huu ni mwanga salama, mzuri kwa watoto, kwa picha ya kitambulisho cha kazini, kwa mtu ambaye hajiamini na ngozi yake. Kasoro yake ni kwamba uso unakuwa bapa, pua na mashavu vinakosa umbo.

Sasa wewe hama utoke dirishani uende pembeni mpaka dirisha liwe ubavuni mwako, na yeye mwambie ageuke pamoja na wewe polepole, polepole kabisa. Usiangalie kitu kingine, angalia kivuli cha pua peke yake. Mwanzoni ni kadoa kadogo pembeni ya tundu la pua. Akizidi kugeuka kinarefuka kikielekea kona ya mdomo. Kuna mahali kinakuwa kifupi kimeinama kidogo hakijagusa kitu, hapo sura inapendeza karibu kwa kila mtu, ukiwa huna uhakika na chochote simama hapo. Akiendelea, kivuli cha pua kinaenda kukutana na kivuli cha shavu la mbali, na vikigusana kinabaki kipembetatu kidogo cha mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Mwambie asimame hapohapo asitikisike. Huo ndo mwanga unaoitwa wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi kuanzia 1606 mpaka 1669, ambaye sura nyingi alizochora zina kipembetatu hicho. Kiwe hakizidi upana wa jicho na kisishuke kupita pua. Kikiwa hakipo kabisa, mtu kageuka sana, mrudishe nyuzi chache tu, ni kidogo mno, ni kugeuza kidevu kwa upana wa kidole.

Akiendelea kugeuka mpaka dirisha liwe ubavuni kabisa, unapata uso nusu mwanga nusu giza. Una nguvu, unafaa kwa mtu mwenye sura nzito au picha ya huzuni, lakini sio wa kila siku na mi sipendi unavyotumiwa ovyo. Angalia jicho la upande wa giza, kama halina hata nukta ndogo ya mwanga mrudishe kidogo.

Hizo nukta za machoni ni muhimu kuliko anayeanza anavyofikiria. Jicho lenye nukta ya dirisha linaonekana hai, lisilo nayo linaonekana limezima, na picha nzima inakuwa imezima. Nukta ikae sehemu ya juu ya jicho, upande wa saa nne au saa nane kama ukilichukulia jicho kuwa ni uso wa saa na kuhesabu kwa saa zetu. Ikikosekana mwambie ainue kidevu kidogo au asogeze macho tu kuelekea dirishani bila kugeuza kichwa.

Mwisho kuna kumweka dirisha likiwa nyuma yake. Sio kosa kama umekusudia. Ama unaacha uso uwe giza kabisa ubaki umbo lake tu, hapo ubavu wa uso uonekane vizuri dhidi ya dirisha, ama unaongeza eksposha, yaani kiasi cha mwanga kamera inachopokea, mpaka uso uonekane na dirisha liungue liwe jeupe, nywele zinapata mstari wa mwanga pembeni, inapendeza. Kilichopo katikati ya hayo mawili ndo kibaya, sio giza sio mwanga.

Kitu kimoja cha kuongezea hapa ambacho kinabadilisha umbo la uso bila programu yoyote. Mtu akiwa amegeuka, kamera inaweza kuona zaidi upande uliopigwa na mwanga au zaidi upande wa kivuli. Ukipiga kutoka upande wa kivuli uso unaonekana mwembamba na una kina, ukipiga kutoka upande wa mwanga uso unaonekana mpana zaidi. Mwenye uso wa mviringo anayetaka uonekane mwembamba unajua la kufanya, mwenye uso uliokonda sana fanya kinyume.

Umbali na ukuta wa nyuma

Mwanga unapungua haraka kadiri unavyotoka dirishani. Kwa chanzo kidogo hesabu ni kwamba ukiongeza umbali mara mbili unabaki na robo ya mwanga, dirisha kubwa ukiwa karibu nalo linapungua taratibu zaidi ya hapo lakini tabia ni ileile. Hili unaweza kulitumia. Mtu akikaa meta moja kutoka dirishani na ukuta wa nyuma upo meta nne kutoka dirishani, ukuta utakuwa giza sana hata kama ni mweupe, na vurugu zote za chumba zinapotea gizani. Ukimpeleka mtu ndani zaidi karibu na ukuta, tofauti inapungua, ukuta unaonekana, chumba kinaonekana. Kwahiyo ukitaka mtu atokeze gizani msogeze dirishani, ukitaka aonekane yupo nyumbani kwake mrudishe nyuma. Ila usimbandike dirishani kabisa, akiwa nusu meta na dirisha lipo ubavuni, sikio la huku linaungua na la kule halionekani.

Kujaza kivuli

Kivuli kikiwa kizito kuliko unavyotaka usikimbilie kuwasha taa. Chukua karatasi ngumu nyeupe, ile kubwa ya manila, au shuka jeupe ulilotandika juu ya mgongo wa kiti, weka upande wa pili wa uso, mkabala na dirisha. Mwanga unagonga pale unarudi shavuni. Ifanye hivi uone mwenyewe: mtu ametulia, wewe umeshika karatasi ukiwa meta moja na nusu, halafu isogeze kidogo kidogo kuelekea usoni ukitazama kivuli. Kwa muda hakuna kinachotokea, halafu karibu na sentimeta 60 hivi kivuli kinaanza kufunguka, unaona ngozi ndani yake, unaona nyusi, na ukisogeza zaidi kinakaribia kupotea. Simama kabla hakijapotea. Anayeanza ana kawaida ya kujaza mpaka uso unakuwa bapa tena, na kama ulitaka bapa si ungemwambia atazame dirishani tu.

Karatasi iwe usawa wa uso au chini kidogo tu. Ukiilaza mapajani inamulika kutoka chini. Foili ya jikoni inarudisha mwanga mwingi lakini kwa mabaka, ikunjekunje kwanza halafu uinyooshe juu ya kadi ndo uitumie, na hata hivyo kwangu mi nyeupe inashinda.

Na kinyume chake kipo: kitambaa cheusi. Chumba kidogo chenye kuta nyeupe mwanga unazunguka kila upande na kivuli hakikai, basi ning'iniza shuka jeusi au koti jeusi pale ambapo ungeweka karatasi nyeupe, kivuli kinarudi na taya inachongeka vizuri.

Kamera sasa

Kwa mwenye kamera yenye lenzi ya kubadilisha, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inatosha kabisa. Fungua apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, f/2 mpaka f/2.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), usikimbilie kufungua yote, maana ukiwa karibu kwenye f/1.8 jicho moja linakuwa na fokasi, yaani linatoka wazi, na jingine halina, na mtu akigeuka pembeni ndo balaa zaidi. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera, siku zote. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kwa mtu mzima aliyetulia, mtoto 1/250 au zaidi. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iache ipande, 400, 800, hata 1600. Watu wanaiogopa ISO kwa sababu ya chenga, vile vidoadoa vya kwenye picha, wanashusha spidi mpaka 1/30 halafu picha inatoka imetikisika, sasa chenga unaweza kuzipunguza baadaye lakini picha iliyotikisika ndo basi tena. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kama kamera inaruhusu.

Rangi ya mwanga usiiache kwenye otomatiki ukiwa unapiga picha nyingi za mtu mmoja, maana itakuwa inabadilika picha hadi picha. Weka alama ya jua au ya wingu, iache hapo, na kama nje mawingu yanapita angalia eksposha mara kwa mara, wingu moja tu likifunika jua mwanga wa chumbani unashuka sana bila wewe kugundua.

Kwa mwenye simu. Futa lenzi kwanza, kwa kitambaa laini, alama ya kidole pale inafanya dirisha litoe ukungu kwenye picha nzima. Tumia kamera ya nyuma. Usimkaribie sana kwa lenzi ya kawaida, ukiwa karibu pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, rudi meta moja na nusu au mbili halafu tumia lenzi ya mara mbili kama ipo. Gusa uso kwenye skrini na ushikilie kidole, kwa simu nyingi fokasi na mwanga vitafungwa hapo, kisha buruta juu au chini kurekebisha mwanga. Simu zinapenda kung'arisha kila kitu na kufungua vivuli vyote, yaani inafuta kazi uliyoifanya kwa dirisha, kwahiyo mara nyingi utakuwa unashusha.

Ngozi nyeusi inahitaji maelezo yake, na hapa naomba usome taratibu maana maelekezo mengi yanapita juu juu. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe inataka picha nzima iwe na mwanga wa wastani, kijivu cha kati. Ngozi nyeusi ikijaza fremu kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ngozi inapauka na kupoteza utajiri wake. Dirisha likiingia kwenye fremu kamera inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inapunguza, uso unazama. Yote mawili sio mtu uliyemwona mbele yako. Pima usoni peke yake, piga moja, linganisha skrini na mtu mwenyewe pale kitini, rekebisha eksposha kwa theluthi moja au mbili za stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) juu au chini mpaka zifanane.

Halafu uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha unabebwa sana na mng'ao, pale dirisha linapojiakisi kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua. Mng'ao huo ndo unaochora umbo la uso, kwahiyo usiupigie vita, ufanye mpana na laini kwa kumsogeza karibu na dirisha kubwa na kumgeuza kiasi. Mafuta kidogo ya kupaka yanasaidia. Ukiona doa moja jeupe lisilo na rangi yoyote ya ngozi ndani yake, hapo umezidisha, shusha eksposha kidogo au mfute kwa tishu sehemu hiyo tu. Na shati jeupe la kung'aa pembeni ya ngozi nyeusi linakupa kazi, ukiokoa shati unapoteza uso, ukiokoa uso shati linaungua. Ama abadilishe avae rangi ya kati, ama mgeuze bega lenye shati jingi liwe upande wa mbali na dirisha. Ikibidi kuchagua, okoa uso.

Mambo madogo madogo yanayokwamisha

Miwani ikiakisi dirisha, mwambie ashushe kidevu kidogo au inua mikono ya miwani nyuma ya masikio kwa sentimeta moja hivi ili vioo viiname kutazama chini. Hakuna atakayeona kwenye picha. Ikishindikana mgeuze mbali kidogo na dirisha, mwanga ubaki usoni ila mwakisiko uende kwingine.

Watu wawili: wasipangwe kwa mstari mmoja kutoka dirishani, wa kwanza atamzibia wa pili. Waweke wote wakiwa umbali sawa na dirisha, yaani mstari wao uende sambamba nalo, na mwenye ngozi nyeusi zaidi au nguo nyeusi zaidi asogee kuelekea dirishani kwa hatua ndogo.

Mtoto hakai kwenye stuli, usijisumbue. Mpe kitu cha kuchezea chini karibu na dirisha la kushuka mpaka sakafuni au mlango wazi, wewe lala chini usawa wake, subiri ainue uso kuelekea mwanga. Atainua.

Wavu wa dirisha kama unafunguka fungua, unakula mwanga mwingi, na kioo chenye vumbi kifute.

Na zungumza na mtu. Mwanga ukiwa mzuri halafu umenyamaza unachezea vitufe, uso unakauka. Mwambie unachokifanya, "hapo hapo, usigeuze tena, mwanga umekaa vizuri sana shavuni," akijua kuna kitu kizuri kinatokea anatulia mwenyewe, mabega yanashuka. Mwambie avute pumzi atoe, piga anapotoa.

Kuediti

Kama ulimgeuza vizuri hii kazi ni fupi. Rekebisha rangi ya ngozi kwanza kabla ya kingine chochote, ukitumia weupe wa macho au nguo nyeupe kama kipimo. Vivuli vifungue kidogo tu, halafu shusha weusi wa picha urudi mahali pake, usiviache vyote vikiwa vya kijivu. Ngozi usiilainishe mpaka vinyweleo vipotee, mwanga wa dirisha umeshailainisha tayari. Ukuta wa nyuma ukiwa bado unavuta macho uupunguzie mwanga peke yake. Kisha linganisha rangi ya uso na rangi ya shingo na mikono, kwenye simu na kwenye skrini nyingine kama unayo, na kama mwenye picha yupo bado mwite aje akae palepale dirishani ushike skrini kando ya uso wake, ulinganishe hapo.